Cheti Alichokipigania Baba

Watu wanaposimulia habari za baba yangu siku hizi husema alifukuzwa kazini na serikali. Mimi huwaacha waseme, maana ni njia fupi ya kumaliza mazungumzo. Lakini haikuwa hivyo. Ilipotangazwa kwamba kila kinyozi wa mjini, juu ya leseni ya biashara, lazima apimwe afya na cheti chake kitundikwe ukutani, vinyozi wengi wa Nyeri walinung'unika. Aliyesimama kuwanyamazisha alikuwa baba.

Duka letu lilikuwa kwenye mteremko ulio chini ya soko, si mbali na msikiti. Lilikuwa na viti viwili, kimoja chake na kimoja changu, kioo kirefu, na benchi la wanaosubiri. Walikuja Waislamu wenzetu wa mtaani, wakulima walioshuka mjini kwa shughuli zao, na vijana wa Kiganjo wanaosomea upolisi, siku zao za ruhusa. Tena kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Ruring'u, Mkristo, rafiki ya baba tangu ujana, aliyekuja hata baada ya upara kummaliza nywele. Alikaa kwenye benchi, akasoma gazeti kwa sauti, akabishana na baba juu ya kila kichwa cha habari.

Baba alikuwa msafi kupita kiasi. Kila wembe aliufungua mbele ya mteja, taratibu, ili mteja asikie karatasi ikichanika. Taulo alizichemsha. Mashine aliipangusa kwa spiriti kabla ya kichwa na baada ya kichwa, hata kama wanaofuatana walikuwa mtu na nduguye. Mwenyewe alifundishwa kazi na babu, enzi ambazo wembe mmoja wa kukunja ulinolewa kwenye mkanda wa ngozi na kunyoa mtaa mzima, na alipokuwa akisimulia hayo alitikisa kichwa kama mtu anayekumbuka ujinga wa kale.

Kwa hiyo tangazo lile lilimfurahisha. Vinyozi tulikuwa na chama chetu kidogo, na baba ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kwenye mkutano, kijana mmoja mwenye duka karibu na stendi alisimama akasema, "Mzee, wewe unatetea hawa watu? Si unajua wanataka kitu kidogo tu. Leo cheti, kesho wataleta ingine."

"Wakitaka kitu kidogo tutawakatalia," baba akamjibu. "Lakini mtu akikupa kichwa chake amekupa roho yake. Hajui umetoka wapi na mikono yako imeshika nini. Ana haki ya kujua. Mimi nitapimwa wa kwanza. Mkiona nimekufa, nyinyi msiende."

Watu wakacheka, na mambo yakaisha hapo. Walikubali kwa sababu yake.

Tulikwenda hospitalini asubuhi moja ya Julai, ukungu umekaa chini mpaka huwezi kuona upande wa pili wa barabara. Tulikuwa kundi zima la vinyozi, tukitaniana kwenye foleni kama watoto wa shule waliopelekwa matembezi. Baba alitangulia, kama alivyoahidi. Alikunja mkono wa shati, akamnyoshea nesi mkono wake, akatugeukia na kusema, "Mnaona? Sindano tu."

Tuliporudi kuchukua majibu, wenzetu waliitwa mmoja mmoja dirishani na kupewa vyeti. Mimi nikapewa changu. Yule kijana wa stendi akapewa chake, akakipeperusha hewani kama tiketi ya bahati nasibu iliyoshinda. Baba aliambiwa asubiri. Foleni ikaisha, wenzetu wakamuaga, na bado anasubiri. Hatimaye tukaitwa sote wawili tuingie chumba cha ndani.

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha viti, akamuuliza baba kama naruhusiwa kusikia majibu. Baba akasema mimi ni mwanawe, hana la kunificha.

"Mzee, damu yako ina virusi vya homa ya ini," daktari akasema. "Na inaonekana umekaa navyo muda mrefu."

"Mimi siumwi."

"Wengi hawaumwi. Mtu anakaa navyo miaka na miaka, hajui."

"Nimevipata wapi?"

"Umewahi kujikata ukiwa kazini?"

"Kinyozi gani hajajikata?"

"Basi pengine ni huko. Pengine ulizaliwa navyo. Kwa sasa hatuwezi kujua."

Nilimtazama baba mikono. Alikuwa ameiweka juu ya magoti, viganja chini, kama anavyokaa mtu anayepigwa picha.

"Vinapita kwa wembe?"

"Vinapita kwa damu. Wembe ukiwa na damu, ndiyo."

"Nimewapa wangapi?"

Daktari akaacha kuandika. "Mzee, usianze kufikiria hivyo. Si unabadilisha wembe?"

"Siku hizi nabadilisha. Zamani hatukuwa tukibadilisha. Nakuuliza, nimewapa wangapi?"

"Hakuna mtu anayeweza kukujibu hilo."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mke?"

"Mke pia. Hii inapita kwa mke na mume kirahisi zaidi kuliko kwa wembe. Mama aje tumpime, na akiwa hana tumchanje. Mwambie aje wiki hii."

Mama yangu alifariki nikiwa shule ya upili. Tumbo lilimvimba hata akawa hawezi kuinama, na macho yake yakawa rangi ya bizari. Kwanza tuliambiwa ni malaria, kisha vidonda vya tumbo, kisha majirani wakaanza kunong'ona kwamba amechezewa. Baba alimzungusha kwa waganga na kwenye zahanati mpaka Nanyuki. Alimuosha miguu kila jioni, kwa sababu miguu nayo ilikuwa imevimba, na kila mara alimwambia kesho itakuwa nafuu. Tulimzika bila kujua jina la kilichomuua.

Baba hakumwambia daktari kwamba mama hayupo. Alisema, "Nitamwambia." Akasimama, akashukuru, akatoka.

Tulipofika nyumbani aliniuliza mlangoni, "Macho yake yaliishaje? Yalirudi kuwa meupe?" Nikamwambia hayakurudi. Akaingia ndani.

Mimi sikuwa na ugonjwa, na mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, naye hakuwa nao. Tulichanjwa. Baba alifurahi aliposikia, au alifanya sura ya kufurahi. Alianza kumeza vidonge ambavyo daktari alisema vitavituliza virusi lakini havitavimaliza. Tangu siku hiyo akawa na kikombe chake, sahani yake na taulo yake, ingawa daktari alituambia zaidi ya mara moja kwamba ugonjwa huu haupiti kwa kikombe wala sahani. Niliwahi kunywa maji kwa kikombe chake makusudi, mbele yake. Akakichukua, akakiosha kwa maji moto, na kesho yake akakihamishia chumbani.

Afisa wa afya alikuja dukani mwenyewe. Alikuwa dada mdogo kwa umri, mtu wa Mathira, na kabla ya hapo alikuwa akiwaleta vinyozi wengine waone jinsi baba anavyochemsha taulo. Siku hiyo aliwaomba wateja wasubiri nje, akaufunga mlango.

"Mzee, mimi kama mimi ningekuacha uendelee," akasema. "Lakini niko na sheria mbele yangu. Cheti ni ya mtu amepita vipimo. Daktari anasema ukitumia dawa vizuri inaweza kubadilika, lakini hapa hakuna mahali naweza kuandika 'inaweza kubadilika'. Ni amepita ama hajapita."

"Na duka?"

"Duka iandikwe jina ya kijana wako. Hiyo haina shida. Wewe tu ndio usishike mashine."

Nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa hasira. Nilitaka kumuuliza kama anawajua wanaonyoa kwa mashine moja kutoka asubuhi hadi jioni bila tone la spiriti, ambao damu zao zilikuwa safi na vyeti vyao vinaning'inia. Lakini baba alinitangulia. "Umefanya kazi yako vizuri, mama," akamwambia. Akavua koti lake jeupe, akalikunja, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri. Yule dada akabaki amesimama. Nadhani alitaka kulia, au labda nilitaka kuamini hivyo. Akafungua mlango, akawaambia wateja waingie.

Mpaka hapo tungeweza kuendelea. Hakuna aliyejua, na kila mzee ana ruhusa ya kuchoka na kumwachia mwanawe kazi. Lakini usiku baba alikuwa hapati usingizi. Nilimsikia akitaja majina ya watu, wengine marehemu, akijaribu kukumbuka nani alikwaruzwa na nani alitoka damu. Mwisho akaniambia ameamua kuwaambia wateja wakapimwe.

"Baba, ukisema hilo tumekwisha," nikamwambia.

"Sisi tumekwisha tayari. Tuwaangalie waliobaki."

"Daktari amesema hakuna anayeweza kujua."

"Wao wanaweza kujua. Kila mmoja anaweza kujua ya kwake. Mama yako angejua mapema, labda tungekuwa naye."

Alianza na mwalimu wa Ruring'u. Alimngoja amalize gazeti, akamweleza yote, hata wembe wa babu, hata mama. Mwalimu alisikiliza huku akilikunja gazeti mara nyingi mpaka likawa dogo kama kitabu. Baba alipomaliza, mwalimu akauliza, "Ati hata mimi?"

"Wewe zaidi. Nimekunyoa tangu tuna ndevu za kwanza."

"Nitaenda kupimwa," mwalimu akasema. Akasimama, akasita mbele ya baba, na mwishowe akampa mkono. Baba hakuupokea haraka, nao ukabaki hewani kidogo kabla hajaushika.

Baada ya siku chache ulikuja ujumbe kwenye simu yangu, si ya baba. Mwalimu aliandika kwamba majibu yametoka, hana kitu, na anamshukuru Mungu. Baba alinifanya nimsomee mara mbili. "Alhamdulillahi," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliona uso wake umelegea. Siku iliyofuata alipangusa benchi mwenyewe, akanunua gazeti, akaliweka pale mwalimu alipozoea kukaa.

Mwalimu hakuja. Wiki zikapita. Nilikutana naye mara moja akitoka kwenye duka la yule kijana wa stendi, yeye na kichwa chake kisicho na cha kunyolewa. Alinisalimia vizuri. Akauliza hali ya mke wangu, akauliza watoto, akauliza kama mvua imetufikia. Kila mtu wa nyumbani alimuulizia isipokuwa baba.

Wateja wengine tuliowaambia, kuna waliokasirika, kuna walioshukuru, na mmoja alicheka akasema ini lake limeshaharibiwa na pombe, halina nafasi ya kitu kingine. Waliokwenda kupimwa hawakurudi kutuambia majibu. Na habari haikusimama pale tulipoiacha. Ilipofika sokoni homa ya ini ilikuwa imegeuka ukimwi, na ilipofika vijijini mimi pia nilikuwa nao. Cheti changu kilikuwa ukutani, kina muhuri na kioo juu yake. Mtu aliingia, akakisoma, akanitazama, akasema amesahau kitu kwenye gari. Vinyozi wenzetu, wale waliokwenda kupimwa kwa sababu baba aliwaambia waende, walichagua mwenyekiti mwingine bila kutuita kwenye mkutano.

Mwanangu alizaliwa wakati huo. Kwetu mtoto hunyolewa siku ya saba, na nywele za watoto wangu wakubwa zilinyolewa na baba. Alikuwa akinyoa watoto wachanga wa mtaa mzima. Walimwita kwa sababu mtoto alikuwa halii mikononi mwake. Siku ya saba ilipofika nilichemsha maji, nikaweka wembe mpya na taulo, nikamwita. Alikuja akasimama mlangoni.

"Nyoa wewe," akasema.

"Baba, vaa glavu. Daktari amesema ukivaa glavu hakuna neno, na mtoto ameshachanjwa."

"Nyoa wewe, mwanangu."

Mke wangu akampakata mtoto. Nimenyoa vichwa visivyohesabika, lakini sikuwa nimewahi kunyoa kichwa cha siku saba. Baba akaniongoza kutoka mlangoni, bila kuvuka kizingiti. "Lowesha kwanza. Anza nyuma. Hapo kwenye utosi usikaze, ngozi inapumua hapo, unaiona? Mwache apumue, wewe fuata." Mtoto alilia tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipofika karibu na sikio, akageuza kichwa ghafla, na tone dogo la damu likatokea.

Lilikuwa dogo sana. Mke wangu alilipangusa kwa pamba likakoma. Nilipoinua macho kumwambia baba kwamba si kitu, hakuwapo mlangoni. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amejiinamia ukutani, akitapika.

Baada ya hapo hakuja tena dukani. Nililifungua peke yangu kwa miezi kadhaa, nikakaa kwenye kiti changu nikikitazama chake. Yule dada wa afya alipita kukagua, akaandika kwamba kila kitu kiko safi, na kweli kilikuwa safi, maana hakukuwa na mtu wa kukichafua. Nikauza viti na kioo, nikarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Sasa hapo panauzwa vifuniko vya simu.

Nilipata kazi Karatina, kwenye duka la kunyoa lililo ng'ambo ya soko. Siku ya soko watu hawaishi, wachuuzi wanaingia wakiwa na harufu ya kabeji na vitunguu, na sisi hatukai chini. Ukutani kuna vyeti vilivyopangwa vizuri kwa mstari. Viwili kati yake ni vya watu walioacha kazi kabla sijafika, na wanaonyoa kwenye viti vyao hawajawahi kutoa damu ya kupimwa. Wakaguzi wakija hutazama ukuta, hulinganisha idadi ya vyeti na idadi ya viti, huaga. Mashine hutoka kichwa hadi kichwa. Mimi hubeba chupa yangu ya spiriti, na mwenye duka, mtu asiye mbaya kwa mengine yote, ameniambia mara kadhaa kwamba nachelewesha foleni. Kuna siku foleni huwa ndefu mno, nami huiacha chupa mfukoni.

Jioni nikirudi, baba huniuliza, "Kule wanabadilisha wembe?"

Humjibu, "Wanabadilisha."

"Na mashine?"

"Inapanguswa."

Huitikia kwa kichwa, hanitazami. Nadhani anajua. Amekonda, ingawa kliniki husema damu yake inaendelea vizuri, vizuri kuliko walivyotarajia. Ndevu zake ameziacha ziote zilivyo, yeye aliyekuwa akizichonga kila Alhamisi, na haruhusu mtu azishike. Makaburini kwa mama alikuwa akienda kila Ijumaa. Siku hizi haendi. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema hajui aanzie wapi kumwambia.

Mwezi uliopita yule dada wa afya alinipigia simu. Alisema utaratibu umebadilika, kwamba sasa mtu mwenye hali kama ya baba akileta barua ya daktari wake anaweza kupewa cheti, cha masharti lakini cheti. Alisema alimkumbuka baba mara tu aliposoma. Sauti yake ilikuwa na furaha, na sikutaka kumvunja moyo, kwa hiyo nilimshukuru sana.

Nilimkuta baba amekaa kitandani, blanketi mabegani, dirisha wazi ingawa nje kulikuwa na baridi. Nilikaa karibu naye nikamweleza neno kwa neno, barua, daktari, masharti. Nikamwambia tunaweza kutafuta chumba kidogo, hata kama ni cha kiti kimoja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akageuza uso dirishani.

"Karatina kulinyesha?" akaniuliza.

Nikamwambia kulinyesha kidogo, mchana, kisha kukaacha.